Kamati Ndogo ya Pampu

Kornel alikuwa ameshaongoza harusi mia moja na ushee, na hata moja haikuwa yake.

Harusi ikitoka kanisani Kibosho kuteremka ukumbini Moshi mjini, yeye ndiye pua ya msafara. Kornel mbele kwenye pikipiki, na nyuma yake, wamepeana migongo kama watu waliogombana, Godbless mpiga video, kamera kaigeuzia maharusi. Baada yao gari la maharusi, halafu pikapu la matarumbeta, halafu ninyi wengine wote na sare zenu.

Na pikipiki lenyewe halikuwa la kubebea mikungu ya ndizi. Lilikuwa dude la kizungu la miaka ya themanini, tumbo pana, kiti kama kochi, lililoachwa na Mjerumani mmoja mhandisi wa maji, Bwana Dieter, siku alipochoshwa na vikao vyetu akarudi kwao. Dieter alipoondoka ndipo watu wa mjini wakalipa jina: Askofu. Kwa sababu akipita, watu husimama.

Sasa, harusi za kwanza baada ya Pasaka, Askofu akaanza kupiga magoti. Kila Kornel akigusa breki, na njia ya Kibosho unavyoijua, ukishuka ni breki mwanzo mwisho, shokapu za mbele zinazama zote, pua inainama, nyuma inanyanyuka, na Godbless, ambaye ni kilo mia na kitu kabla hajala, anapaa na kamera yake. Breki ikiachiwa, anashuka nayo. Katika video ya harusi ya mwisho bibi harusi alionekana mara nne. Mawingu yalionekana mara kumi na saba. Mama wa bibi harusi aliyahesabu, akawasimulia wanakwaya, na wanakwaya mnawajua.

"Pikipiki yako imebatizwa wapi?" Ruth alimuuliza Kornel siku moja. Ruth ni mjane mwenye duka la dawa pale karibu na kijiwe cha bodaboda, Mlutheri wa Old Moshi, ulimi wake una wembe. "Kila hatua tatu magoti. Hiyo ni Katoliki safi."

"Ya kwenu ingekaa tu kwenye benchi inaimba pambio," Kornel alimjibu.

Alicheka, lakini jicho likamrudi kwenye shokapu za Askofu. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa harusi ya Evelyn, binti wa Dominika, na Dominika si mtu wa kupelekewa mawingu.

Kikao cha kamati ya harusi kilikaa Jumapili, nyumbani kwa Dominika. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Mtori wa ndizi ulikuwa unazunguka, sahani zinapita juu ya vichwa, mwenyekiti anagonga meza na kijiko. Mwenyekiti alikuwa Mzee Basili, kaka yake Dominika, karani mstaafu wa chama cha ushirika cha kahawa, mtu ambaye hata akitaka chumvi hutafuta kwanza wa kumuunga mkono.

"Agenda namba sita. Usafiri na picha."

Dominika alisimama na upawa mkononi. "Mimi nina binti mmoja tu. Video yake nitaitazama mpaka siku naingia kaburini. Mawingu ninayo hapa hapa, nafungua dirisha nayaona. Kornel, mwanangu, nakupenda, lakini hiyo pikipiki yako inasujudu."

"Mama Evelyn, ni shokapu tu. Nitaitengeneza."

"Mimi yangu mpya," ikasema sauti karibu na mlango. Alikuwa Sirili, bodaboda wa kijiweni, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. "Nyekundu. Haijui hata kuinama."

"Na Godbless atakaa wapi, kwenye taa?" Kornel aliuliza.

Watu wakacheka, lakini Mzee Basili hakucheka, aliandika. Ikaamuliwa kwamba Alhamisi Askofu atajaribiwa, kutoka kanisani mpaka darajani, Godbless akiwa amepanda. Akiinama, msafara unaongozwa na Sirili.

"Na wewe Kornel usijali," Dominika akasema kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyomkata Kornel maini. "Ikishindikana utakaa na sisi, meza ya familia. Utastarehe kama mgeni."

Hapo ndipo penyewe. Watu walidhani Kornel anaogopa kupoteza sifa ya kutangulia. Sifa aliipenda, hatukatai. Lakini alichokuwa anakijua yeye peke yake, akiwa na miaka arobaini na sita na kitanda cha mtu mmoja, ni kwamba aliye mbele ya msafara haulizwi kitu. Matarumbeta yanapiga, upepo unavuma, unapunga mkono, umemaliza. Anayekaa mezani ndiye anayeegemewa na shangazi mwenye kuku mdomoni: "Na wewe lini?" Kornel alikuwa amelikimbia swali hilo kwa mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, miaka kumi na moja, na halijawahi kumkamata.

Jumatatu asubuhi alikuwa Majengo kwa fundi Filemon. Filemon alimzunguka Askofu mara mbili, akamkandamiza kichwa, akaona anavyozama, kisha akafungua vifuniko viwili vidogo juu ya shokapu za mbele. Ndani kulikuwa na vali, kama zile za tairi.

"Unaona? Hizi zina mafuta, na juu ya mafuta zina upepo kidogo. Upepo ndio unaozizuia zisizame. Upepo umekwisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pampu."

Kornel alitaka kumkumbatia. Pampu tu! Nani hana pampu? Na hilo ndilo lililokuwa balaa lenyewe, maana hakuna asiyekuwa na pampu, na mwenye pampu ana maoni. Aliitaja habari hiyo kwenye grupu la WhatsApp la kamati, na kabla chai haijapoa Mzee Basili alikuwa ameunda grupu jingine, "Kamati Ndogo ya Pampu", lenye watu thelathini na mmoja, hata Ruth wa duka la dawa. Mwalimu mmoja alishauri pampu ya baiskeli. Jirani yake akashauri ya kukanyaga kwa mguu, kwa kuwa mguu una nguvu kuliko mkono. Shemeji yake Dominika wa Mabogini akatuma picha ya pampu ya kuvutia maji ya mpunga, akaandika chini yake: "Hii haijawahi kuniangusha." Mama mmoja akatuma sala ya asubuhi.

Sirili ndiye aliyefunga mjadala. "Jamani tusidanganyane, mambo ya upepo ni kompresa. Lori linajazwa kwa kompresa, sembuse pikipiki?"

Ilipigwa kura. Kompresa ilishinda kwa kishindo. Mzee Basili akaandika kwamba uamuzi ni wa pamoja na utekelezaji ni wa Kornel.

Jumanne Kornel akampeleka Askofu kwa wajaza upepo wa malori, barabara kuu. Jamaa akachomeka mpira kwenye vali ya kushoto, akagusa tu. Paaa! Sili, ile raba inayozuia mafuta, ikaruka, na mafuta meusi yakamwagikia Kornel kuanzia kifuani mpaka kwenye suruali ya Jumapili aliyoivaa kwa heshima ya uamuzi wa pamoja.

"Nani alikutuma huko?" Filemon alimuuliza alipomwona anamsukuma Askofu kurudi Majengo, wote wawili wanachuruzika.

"Kamati."

"Basi iambie kamati ije ifute." Filemon alichukua kikombe chake cha chai, akakiweka mbele ya pua ya Kornel. "Nafasi ya upepo humo ndani ni hii. Kikombe. Wewe umeleta bomba la kujazia lori. Ni kama kumtilia mtoto dawa ya jicho kwa mpira wa bustani."

Filemon akabadilisha sili zote mbili. Za saizi ile Moshi nzima hazipo, akachonga za pikipiki nyingine zikakubali kwa shingo upande. Wakati huo Kornel akamwandikia Dieter, akamweleza yote isipokuwa kura. Jibu lilikuja Jumatano mchana, kwa Kiswahili chake kile cha kamusi: "Ndugu Kornel. Kompresa HAPANA. Pampu ya baiskeli pia hapana, ni kubwa. Pampu ndogo sana, ya mkono, yenye saa ya kuonyesha presha. Presha ni ndogo, sifuri nukta nne. Kwetu inauzwa kila duka."

"Kwao," alisema Filemon. Geji yake ya tairi ilianzia mbali mno. Presha ndogo namna hiyo hata mshale wake usingeamka.

Ilikuwa saa tisa. Majaribio ni kesho asubuhi. Kornel, vidole vimejaa mafuta, akaandika kwenye grupu haraka haraka, bila nukta wala mkato:

"Jamani mwenye mashine ya kupima presha ile ya mkono anisaidie haraka niko kwa Filemon hali ni mbaya"

Thelathini walisoma. Ruth alielewa.

Alielewa kwamba Kornel anakufa. Alifunga duka na mteja akiwa ndani, ikabidi alifungue amtoe, akalifunga tena. Akadaka bodaboda ya kwanza, ambayo ilikuwa ya Sirili, akamwambia kimbiza. Walipofika Majengo, Kornel alikuwa amekaa chini, kaegemea gurudumu, uso una mafuta, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kwa kweli alifanana na ujumbe wake.

"Usisimame! Kunja shati!"

"Dada Ruth, si mimi..."

"Wote mnasemaga si mimi. Lete mkono." Alikwisha kumfunga kitambaa cha mashine, akatia vidude vya kusikilizia masikioni, akaanza kubinya kile kipira cha mkononi. Ilikuwa mashine ya zamani, ya kubinya, yenye kisaa cha duara. Zile za betri Ruth haziamini.

"Ni pikipiki, dada, presha ya..."

"Usiongee, napima."

Kornel akalegeza mkono. Mshale ulipanda, ukasita, ukashuka. Ruth alitoa vidude masikioni, akamtazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyeleta sifuri. "Mia sitini kwa mia moja. Unakula nini wewe? Nani anakupikia?"

"Hakuna."

"Inaonekana."

Akalegeza upepo: psss. Na hapo Filemon, ambaye muda wote alikuwa ameduwaa na spana mkononi, akasogea taratibu kama anayenyatia kuku.

"Dada. Hicho kisaa kinaishia ngapi?"

"Mia tatu. Mtu akifika huko hatupimi tena, tunaita mchungaji. Ninyi mtamwita padri."

"Kornel, muulize Mjerumani. Nukta nne yake ni ngapi kwa mashine ya hospitali?"

Kornel akauliza. Dakika tatu, nne, simu ikalia. Dieter aliandika: "Ni mia tatu. Kwa nini? Nani mgonjwa?"

Kornel, mkono mmoja bado una kitambaa, akajibu kwa kidole gumba: "Askofu."

"Pole sana," Dieter akaandika. "Nitamwombea."

Ruth alipoelewa wanachokitaka aliirudisha mashine kwenye mkoba na kuukumbatia. "Hii inapimia wagonjwa. Haiingii kwenye grisi."

"Huyu naye ni mgonjwa," alisema Kornel.

"Ana nini?"

"Presha ya kushuka."

Sirili, aliyebaki pale eti anasubiri abiria wake, alicheka mpaka miwani ikaanguka. Ruth alijitahidi asicheke, akashindwa. "Haya. Lakini mashine yangu haishikwi na mtu. Nabinya mwenyewe."

Filemon akakata kichwa cha shaba cha mpira wa pampu ya baiskeli, akakiunganisha na mpira wa Ruth, akakifunga kwa waya. Ruth akachuchumaa mbele ya Askofu, akabinya polepole, jicho kwenye kisaa. Mia. Mia mbili. Mia tatu. Shokapu ikanyanyuka kwa heshima, kama mzee anayeinuka kupokea salamu. Filemon alipochomoa mpira, vali ilitema upepo kidogo tu. Wakahamia ya kulia.

"Kushoto mia tatu, kulia mia tatu," alisema Ruth. "Huyu mzima kuliko wewe."

Alhamisi kamati ilisimama darajani. Mzee Basili alikuwa amebuni kipimo: Godbless asishike kamera, ashike kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyojaa mpaka ukingoni. Ikimwagika, Askofu amefeli. Huko juu kanisani mjumbe mmoja alihakikisha imejaa, akapiga simu. Kornel akateremka. Kona ya kwanza breki, ya pili breki, ng'ombe wa mtu breki, na pua ya Askofu ikakaa palepale. Alifika darajani kifua mbele.

Mzee Basili akaichungulia kata. Ilikuwa tupu.

"Imemwagika yote," alisema Sirili.

"Shikamoo mzee," Godbless alimwambia Basili kwa adabu isiyo ya kawaida yake.

"Marahaba. Mbege iko wapi?"

Godbless akatazama mlimani. Wajumbe walimkagua shati: kavu. Suruali: kavu. Kiti cha Askofu: kikavu. Mzee Basili alianza kusema kwamba kwa kuwa kielelezo hakipo itabidi jaribio lirudiwe mbele ya mashahidi, ndipo Dominika akamsogelea Godbless, akamnusa mdomo.

"Ameinywa," akatangaza. "Kata nzima, kwenye kona za Kibosho, na hajalowa hata kidevu. Jamani, mtu anayerushwarushwa ataweza kunywa hivi? Kornel ataongoza!"

Ikapita bila kupingwa. Sirili mwenyewe alinyoosha mkono, baadaye akasema alikuwa anajikuna.

Kulikuwa na jambo moja tu dogo, ambalo Filemon alilisema Ijumaa kwa sauti ya chini. Zile sili za kuchonga zinapumua. Ukijaza mia tatu leo, kesho unakuta mia mbili. "Itabidi apimwe pale pale, kabla hamjaondoka."

Ndiyo maana Jumamosi, misa ilipokwisha na kengele zinalia, Evelyn na bwana harusi wanatoka wanamwagiwa maua, Ruth alikuwa uwanjani na sare yake ya kamati, na vidude vya kusikilizia amesahau kuvivua shingoni. Sare ilikuwa imebana, kuchuchumaa hakuwezekani. Akapiga magoti mbele ya Askofu.

"Mlutheri amepiga magoti Kibosho!" mtu alipaza sauti, na vigelegele vikahama kutoka kwa maharusi.

"Nimekipigia chombo, si ninyi," Ruth alijibu bila kugeuka. "Kornel, shika mkoba wangu. Na usiongee, napima."

Kornel akashika mkoba. Alipofunga vifuniko alipanda, Godbless akapanda mgongo kwa mgongo, matarumbeta yakalia, na msafara ukashuka mpaka mjini laini kama maziwa. Hakuna aliyemuuliza Kornel kitu chochote. Alipunga mkono njia nzima. Alijiona ameshinda.

Wiki mbili baadaye Dominika akaita watu kutazama video. Nyumba ikajaa tena. Mtori tena, ndoo tena. Kornel alipewa kochi, katikati kabisa, kiti cha heshima. Ruth alikuwa upande wa pili na mkoba wake.

Godbless akabonyeza. Na kitu cha kwanza kilichotokea kwenye skrini, kwa kuwa kamera ya Godbless siku zote huanza kuwaka kabla yake mwenyewe hajaamua, hakikuwa kanisa wala bibi harusi. Alikuwa Ruth, amepiga magoti, na juu yake Kornel, ameshika mkoba mwekundu wa kike kwa mikono miwili kifuani kama anayebeba vipaji altareni, anamtazama. Hamtazami Askofu. Hatazami kisaa. Na picha haikutikisika hata kidogo. Haikuwa na wingu hata moja. Godbless alikuwa amesogeza karibu, dakika mbili nzima, mpaka jasho la Kornel likaonekana.

Sahani za mtori zikasimama mikononi mwa watu.

Dominika aliweka upawa chini. Shangazi mmoja alimeza kuku wake kwanza. Wakageuka wote, taratibu, wamemwelekea Kornel aliyekaa pale kwenye kochi kama mgeni wa meza ya familia, bila upepo, bila tarumbeta, bila mahali pa kukimbilia.

"Kornel, mwanangu," alisema Dominika. "Na wewe lini?"

Mzee Basili akagonga meza na kijiko. "Hilo liingie kwenye mengineyo. Na ninapendekeza kamati ndogo ya pampu isivunjwe."

"Naunga mkono!" Sirili alipiga kelele kutoka mlangoni.

Kornel alifungua mdomo. Alishika ukingo wa kochi kama usukani. Alimtazama Ruth kama mtu anayetafuta breki. Ruth naye alikuwa amejaa haya mpaka kwenye nywele, lakini mikono yake ilikuwa ikifanya kazi. Ilikwisha kufungua mkoba, ikatoa mashine, kichwa cha shaba cha Filemon bado kinaning'inia kwenye mpira. Akakinyofoa. Akavuka zulia, akakaa karibu naye kwenye kochi.

"Kunja shati."

"Dada Ruth, mimi..."

"Usiongee," alisema Ruth, akitia vidude masikioni asiwasikie wale waliokwisha kuanza kupiga vigelegele. "Napima."

Kornel akakunja shati.